Mwanamke wa Kwenye Jalada

Dar es Salaam,
3 Februari 1974

Kwa Bibi yangu Mwanaima,

Shikamoo Bibi. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na yale magoti yanayokuletea habari za mvua kabla ya redio. Mimi mumeo mdogo sijambo. Chuoni tunakula ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Mama ameniandikia kutoka Mitole, anasema wote wazima na mihogo imeshika vizuri. Abilahi, kama wewe ndiye unayemsomea Bibi barua hii, salaam zako zimo, na usiruke maneno.

Sasa nisikilize. Mwalimu wetu wa uchapaji, Bwana Severini, ametupa kazi ya mtihani. Kila mwanafunzi achague santuri moja iliyokwisha kutoka, aivue nguo yake ya zamani na kuishonea mpya, yaani aitengenezee jalada jingine. Wenzangu wote wamekimbilia bendi za dansi za hapa mjini. Mimi nimechagua yenu.

Niliipeleka darasani tukaipiga kwenye gramafoni ya chuo. Bibi, laiti ungekuwapo! Mama mdogo Adija alipoanza ule wimbo wa kupura mtama, akauvuta peke yake kabla hamjaitikia, darasa zima liligeukia gramafoni. Kijana mmoja wa Moshi aliyekuwa anachonga penseli aliacha kisu hewani. Mimi nimezaliwa ndani ya sauti hiyo, nimebebwa mgongoni nayo, na bado ilinisimamisha nywele. Miaka minne sasa tangu tumzike, na hapa mjini watu wasiomjua wanaulizana ni nani huyu.

Ndipo wakalitazama jalada, wakacheka. Nani asingecheka? Watu wa santuri walikuja Kilangala na mashine za kunasia sauti, hawakuja na kamera. Wakarudi kwao wakabandika picha ya mwanamke wasiyemjua hata wao, ana hereni kubwa kama vifuniko vya birika, amebana ngoma ambayo si yetu, na nyuma yake mlima wenye theluji. Mlima Kilangala! Majina yenu hayapo hata moja.

Naomba uniambie mlivyokaa siku ile, nani alishika ngoma, mlivaa kanga gani. Na je, kweli hakuna picha yoyote ya mama mdogo, hata ya kitambulisho?

Wako, Ismaili

*

Kilangala,
11 Machi 1974

Kwa Ismaili,

Bibi anasema marahaba, na anasema mume gani huyu anayeandika mara moja kwa msimu kama korosho. Amesisitiza niandike hivyo hivyo.

Sisi hatujambo. Tumekwisha hamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Nyumba zimepangwa mstari kama matuta ya mihogo, na Bibi anasema sasa akipiga chafya majirani wanne wanamwombea rehema. Mikorosho imebaki kule kule, kwa hiyo tunaifuata kwa miguu. Mvua ni kubwa, na barabara ya kwenda kwenu inasemekana imekatika Rufiji, kwa hiyo barua hii ikichelewa usimlaumu mwandishi. Jioni kuna kisomo cha watu wazima na mwalimu ni mimi. Bibi yako ameandikishwa, ila magoti yake yanauma kila siku ya darasa, siku nyingine hayaumi.

Kuhusu ngoma, anasema walikaa nusu duara, Adija katikati. Yeye Bibi alishika ngoma kubwa. Walikuwa wanawake saba. Walivaa kanga ya sare, nyeusi na nyekundu, pindo lake korosho. Picha ya Adija hakuna. Kuhusu yule mwanamke wa kwenye jalada, nilimuuliza Bibi niandike nini, akasema, "Andika mbuzi wamezaa."

Mbuzi wamezaa pacha.

Kwa niaba ya Bibi Mwanaima, Abilahi

*

Dar es Salaam,
2 Mei 1974

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yenu imenifikia jana, imelowa na kukauka, inanuka dizeli ya kivuko. Hongera kwa mbuzi. Nami nina habari ya kuzaa: pamoja na barua hii napeleka jalada, sampuli ya kwanza. Nimemkabidhi dereva wa lori anayekuja Lindi, barabara ikifunguka, nimelifunga katika karatasi mbili na kumwapisha.

Nilihangaika sana, Bibi. Nilichora ngoma, nikachana. Nikachora jua, Mwalimu Severini akaniuliza kama natengeneza jalada au sabuni. Halafu nikasoma tena neno lenu, kanga ya sare. Nikajipiga kofi. Kumbe jalada ni kanga! Nalo lina pande nne. Basi nimelitia pindo la korosho kuzunguka, na katika mji wa kanga, pale katikati, nimewachora ninyi. Chini, mahali pa jina, nimeandika ule mstari wa wimbo wenu, NGOMA NI YETU, MIKONO NI YETU. Nimepewa rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, maana rangi ya tatu ni gharama, na rangi hizo hizo ndizo mlizovaa. Mwalimu alipoliona alizunguka meza, akarudi, akalitazama kutoka mlangoni. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Wewe nimekuweka katikati na ngoma yako, kwa kuwa uso wako ninao kichwani. Mama mdogo nilishindwa. Kila nikijaribu kumchora anatoka mtu mwingine, nikaona kumchora vibaya ni kumkosea. Badala yake jina lake nimeliandika la kwanza, kubwa kuliko yote.

Yule mama wa hereni nimemfuta. Hata kivuli chake hakipo. Mkishapokea hili, lile la zamani liwashieni moto mchemshie chai, na mniandikie mlivyocheka.

Mumeo, Ismaili

*

Kilangala,
9 Juni 1974

Kwa Ismaili,

Bibi anasema marahaba na anashukuru. Jalada limefika salama. Anasema ni zuri. Anasema Mungu akuongezee. Mbuzi mmoja kati ya wale pacha amekufa. Mtama ni mzuri mwaka huu. Bibi anasema hana zaidi.

Kwa niaba yake, Abilahi

Ismaili, haya ni yangu mwenyewe. Bibi alilishika jalada lako muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile pindo lote hadi kurudi alikoanzia. Wenzake walikuja kutazama, wakalisifu kwa sauti ndogo, wakaondoka. Sijui kuna nini. Nilipouliza habari ya kuchoma lile la zamani, Bibi aliniangalia kana kwamba nimetukana. Na tangu siku hiyo hakosi darasani. Anawahi kuliko mimi, anakaa mbele, na akikosea herufi anaipiga ubao kwa kiganja.

*

kilangala
14 julai 1974

Ismaili mume wangu

Marahaba. Barua hii nimeandika mimi. Mkono ni wangu. Hakuna aliyenishikia. Ukiona herufi zimelala ni uchovu si ulevi.

Kwanza jalada lako. Abilahi aliandika zuri nikaona neno hilo dogo lakini sikuwa na la kumwambia. Sasa nasema mwenyewe. Ismaili ni zuri mno. Nimejiona. Pua yangu ile pale. Mkono wangu umepinda kwenye ngoma kama unavyopinda. Mtoto niliyemfuta kamasi amenichora mpaka mishipa. Nilitaka kupiga kigelegele nikashindwa. Nitakwambia kwa nini.

Adija alipokufa hakuacha mtoto. Wajua desturi yetu. Jina la maiti hurithiwa. Anatafutwa mtu wa ukoo anapakwa unga anapewa jina na marehemu anakaa naye. Asiporithiwa anabaki nje. Mjomba wetu Mzee Likwata ndiye mwenye kuita shughuli. Mwaka wa kwanza alisema njaa. Wa pili alisema hajamwona wa kufaa. Wa tatu tukaambiwa tunahama. Mwanangu yuko nje tu.

Santuri ilikuja mwaka ule wa kwanza na yule mwanamke. Tulimcheka sana. Tulimwita Mama Birika. Nikamtundika ukutani jikoni. Siku moja napika moshi ukamwendea. Nikasema Adija sogea moshi usikuingie. Ulimi wangu ulisema wenyewe. Wenzangu wote walikuwapo wanachambua mboga. Hakuna aliyecheka. Mmoja akainuka akamfuta masizi akasema pole Adija.

Basi tangu hapo jina tumempa yeye. Sisi wanawake sita peke yetu. Tukicheza tunamtoa anakaa katikati. Siku ya kuhama nilimbeba mapajani kwenye lori na sufuria zangu niliziacha zikapotea.

Mzee Likwata hajui. Angejua angesema tumemchezea marehemu. Na Abilahi ni mpwa wake wa toka nitoke. Ningesemaje kwa mkono wa Abilahi. Ndiyo maana nimejifunza kuandika.

Wewe umemfuta. Hukujua. Sikulaumu hata punje. Lakini nilipoona pale hayupo niliona nimemzika mara ya pili. Sitaki uharibu mtihani wako kwa sababu ya kikongwe. Nimetaka ujue tu.

Magoti hayajambo.

Bibi yako Mwanaima

*

Dar es Salaam,
18 Agosti 1974

Bibi,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa kila herufi. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikatoka nje ya bweni ili wenzangu wasinione ninavyolia. Nimesoma vitabu vingi hapa, hakuna ukurasa ulionifanya hivyo. Hongera Bibi yangu msomi. Nisamehe kwa ule moto na ile chai.

Nilikaa na fadhaa siku kadhaa. Kumrudisha nilitaka, lakini kumrudisha vipi? Na ule mlima wake? Hatimaye nikaona sijui hata huyo ninayetaka kumrudisha ni nani. Nikaenda ofisi ya waliotoa santuri. Karani aliniambia picha walinunua kwa mpiga picha mmoja wa Kariakoo. Mpiga picha akanikumbusha adabu kwanza, maana niliingia bila kubisha hodi, kisha akasema, "Huyo? Yuko kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi. Mlima ni pazia langu lile pale ukutani, na ngoma ni ya mwanangu."

Anaitwa Genoveva. Na sasa kaa chini: si wa Moshi wala wa Arusha. Ni Mmatumbi wa Kipatimu, milimani kule Kilwa. Mpiga picha alimwambia ni picha ya kalenda. Hajawahi kujua kwamba yuko kwenye santuri, wala kwamba kuna watu wanamtundika jikoni.

Nilimweleza nusu tu, nikaogopa. Nikamwomba aje chuoni asikie. Alikuja Jumapili baada ya misa, akiwa na mwavuli na hereni zile zile. Alicheka sana alipojiona kwenye jalada. Nikaweka sindano kwenye santuri. Mama mdogo alipoanza, Genoveva aliacha kucheka, akauweka mwavuli sakafuni. Ulipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema, "Miaka mitatu watu wananiona mimi na kumsikia yeye. Mimi kanisani kwenyewe naambiwa niimbe polepole."

Ndipo nikamsimulia yote, moshi, masizi, lori. Bibi, hakushangaa. Kwao Kipatimu pia wanajua habari za majina. Aliuliza swali moja tu: "Mama yake yu hai?" Nikasema yu hai, na ameandika barua kwa mkono wake. Akasema, "Basi mwulize kama ananitaka mimi, au picha inamtosha."

Nami nakuuliza.

Wako, Ismaili

*

Kilangala
1 Septemba 1974

Ismaili mume wangu

Marahaba. Ona sasa natia herufi kubwa mwanzoni mwa barua. Abilahi amenifundisha.

Mlete.

Nimekwenda kwa Mzee Likwata mwenyewe nikamwambia yote. Alipiga fimbo chini. Akasema jina ni la ukoo haliendi kwa mpita njia wa Kimatumbi. Nikamwambia amekaa ukutani kwangu miaka mitatu amekula moshi wangu. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe je huyu. Akasema na dini yake. Nikasema jina halibatizi wala halisilimishi. Akasema mmefanya shughuli bila mimi. Nikasema tulikungoja Mjomba mpaka tukachoka. Hapo aliinama akachorachora mchanga kwa fimbo. Niliondoka anachora bado.

Akikataa nitampokea kama mgeni na nitampikia. Muulize anakula kisamvu cha nazi. Mwezi mtukufu unakaribia kwa hiyo aje baada ya Idi.

Na mtihani wako je. Hujasema.

Mwanaima

*

Dar es Salaam,
29 Septemba 1974

Bibi,

Shikamoo, na saumu njema. Kisamvu anakula, na amesema ukimpa na pilipili atakushukuru zaidi. Ameomba likizo kiwandani, atapanda basi la Lindi baada ya Idi. Nyumbani kwao Kipatimu atapita wakati wa kurudi. Anasema kwanza kwako.

Mtihani nimefanya. Nimetengeneza jalada upya, na safari hii nilijua nachora nini. Pindo la korosho lipo, jina la kanga lipo, ninyi sita mpo katika nusu duara. Katikati nimemweka Genoveva. Alikuja kuketi mbele yangu Jumapili mbili, nikamchora bila mlima, bila ngoma ya mtoto, amejifunga kanga yenu. Hereni nimeziacha. Nilimwomba azivue, akasema, "Wamenizoea nazo."

Mwalimu Severini alitazama kutoka mlangoni, akarudi. Akasema pindo ni safi, herufi ni safi, hajaona kazi ya mwanafunzi iliyomfurahisha hivi. Halafu akaweka kidole katikati. "Hapa umeandika Adija. Uliniambia Adija hana picha. Huyu ndiye?"

Ningeweza kusema ndiye, nikamaliza. Lakini shughuli haijafanyika, Bibi, na Mzee Likwata hajasema neno. Nikajibu, "Bado, Mwalimu." Darasa likacheka. Akaniambia jalada haliwezi kuandikwa bado, akanipunguzia alama. Kwa hiyo nimefaulu, ila sikuwa wa kwanza. Wa kwanza ni yule kijana wa Moshi, na jalada lake lina gitaa linalowaka moto.

Sijali sana. Nasema kweli, najali kidogo.

Genoveva atakuletea jalada. Lipokee, mpokee na yeye.

Wako, Ismaili

*

Kilangala
27 Oktoba 1974

Ismaili mume wangu

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Korosho zimeanza kuanguka. Mama yako alifika kutoka Mitole kumpokea mgeni na analala chumba changu anakoroma.

Genoveva alishuka kwenye basi juzi mchana. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalinitoka. Ni mfupi kuliko picha. Ana kovu kidevuni ambalo jaladani halionekani. Alipiga goti akasema shikamoo mama. Wanawake walimzunguka wanamshika mikono wanamshika hereni. Mmoja akamfuta vumbi usoni kama alivyozoea kumfuta masizi. Genoveva akacheka na mimi nikacheka kisha nikalia.

Tulimfundisha kuitikia wimbo wa mtama. Genoveva hajui kuimba hata kidogo. Anaingia mapema anatoka mwisho. Adija angemrushia kinu. Lakini anaitikia kwa nguvu zake zote na hachoki.

Jalada lako tuliliweka juu ya mkeka kila mtu akaja kulitazama. Watu walikuja hata wa mstari wa mwisho wa kijiji. Wenzangu walijionyesha wenyewe kwa vidole. Abilahi alisoma majina kwa sauti na kila aliyesomwa alisimama. Hatujawahi kusomwa. Mwalimu wako na akae na alama zake. Mimi nimekupa zote.

Asubuhi ya leo tulikuwa tumekaa uani. Mzee Likwata hakuja jana wala juzi nikajua amekataa. Nikasema basi tumpikie mgeni wetu arudi kwao salama. Mara tukamwona anakuja na fimbo yake na bakuli la unga chini ya koti. Hakusalimu mtu. Alilitazama jalada. Akamtazama Genoveva. Akalitazama tena jalada akasema kijana amechora vizuri. Akamwambia Genoveva piga magoti.

Akampaka unga kwenye paji la uso. Akasema maneno ya ukoo. Mama yako akamfunga kanga ya mdogo wake ile niliyoihifadhi. Mzee akaniambia haya wewe uliyemzaa ndiye wa kuita.

Tangu tumzike nilikuwa nalisema jina lile jikoni tu kwa sauti ndogo.

Nikaita Adija.

Akaitika abee mama.

Mwanaima